Buti la Kushoto

Jumamosi tulitoka Tartu na chupa ya chai,
mkate mweusi, samaki wa moshi,
na orodha ya Urmas iliyoandikwa kwa penseli:
saa nne makumbusho, saa sita kinamasi,
saa tisa nyumbani, kabla mvua haijabadili nia.
Mume wangu huandaa starehe kama mtu anayeandaa mazishi.

Makumbusho yalikuwa shule ya zamani ya kijiji,
vyumba viwili, jiko la vigae, na mama mmoja
mwenye funguo shingoni, akifuma soksi,
asiyeinua macho mpaka tulipokohoa.
Reki za mbao. Mapipa ya kusukia siagi.
Na ndani ya kioo, juu ya kitambaa cha kijani,
kiatu kimoja cha ngozi, kidogo, cheusi,
kimekunjamana kama uyoga uliokaukia juani.
Wachimba mboji walikitoa kinamasini.
"Cha nani?" akauliza Taavet.
"Cha mtoto."
"Mtoto gani?"
Yule mama akahesabu mishono miwili, mitatu, ndipo akajibu:
"Aliyerudi nyumbani na mguu mmoja wazi. Natumaini."

Taavet ana miaka mitano. Aliganda pale,
pua yake ikichora mvuke kwenye kioo,
hata Urmas akatazama saa mara tatu.

Kinamasi hakina haraka na mtu.
Njia ni mbao mbili zilizolazwa sambamba
juu ya kitu kisicho ardhi wala maji.
Misonobari ina umri wa bibi yangu na kimo cha Leelo.
Madimbwi ni chai ya rangi iliyopoa.
Korongo walilia mahali fulani; hatukuwaona.
Leelo alisoma kila kibao kwa sauti ya mwalimu:
hapa hakuna kinachooza upesi,
mboji huongezeka milimita moja kwa mwaka.
"Yaani mimi," akasema, "ni milimita tisa."
Mdogo wake akapima tano kwa kidole na gumba,
akaona alivyo haba, akanuna.

Alitaka tunda moja tu, jekundu, hatua moja nje ya mbao.
Sikuona mguu ukitoka. Nilisikia
busu la shangazi, lile la mate.
Urmas akamnyakua kwa makwapa:
mtoto akaja, soksi ikaja nusu, buti likabaki.
Urmas akalala kifudifudi, akazamisha mkono mpaka begani,
akapapasa, akatoa mboji, akatoa mzizi,
akatoa tusi ambalo halikuwamo kwenye orodha.
Shimo likajifumba polepole.

Nilidhani analilia buti.
Leelo ndiye aliyejua. Akachuchumaa mbele yake:
"Sikiliza. Watalipata. Watalilaza kwenye kitambaa cha kijani.
Watasema, tazameni, watu wa kale walivaa bluu,
watu wa kale walipenda vyura."
Kwikwi zikatulia kidogo.
"Lakini watajua kwamba nilirudi?"

Hakuna kibao kilichoandika jibu la hilo.
Upepo ulipita chini, kwenye nyasi tu.
Urmas akampandisha mabegani, matope yakimchuruzika,
tukarudi kimya, mbao zikihema chini yetu.

Makumbusho yalikuwa yamefungwa. Tulisimama hata hivyo.
Urmas akatoa orodha mfukoni, akaigeuza,
akampa Leelo penseli. Taavet alisema, yeye akaandika:
*Hili ni la kulia. La kushoto liko kinamasini.
Mwenyewe alirudi nyumbani. Alipakatwa.
Anakula viazi.*
"Hujala viazi bado," nikasema.
"Nitakula."

Wakakiweka kikaratasi ndani ya buti,
wakaliweka buti kizingitini, ncha ikitazama mlango.

Tulifika saa kumi na mbili, na mvua.
Njia nzima hakuna aliyeuliza wakati:
saa ya Urmas ilikuwa kwenye mkono ule,
mweusi mpaka begani,
na chini ya matope, nilipoinama kumfungua mkanda,
niliisikia bado inatembea.